Daftari la Vitu Vilivyoingia

Asubuhi naanza na kakakuona.
Nampangusa kwa brashi ya kunyolea ya marehemu baba,
kutoka kichwani kwenda mkiani, polepole,
kinyume cha mtu anayeparua samaki.
Tumboni ameshonwa kwa uzi wa nyavu.
Aliyemshona hakuandika jina lake,
aliandika tu: Dume. Kiangazi. Barabara ya Kasenga.

Halafu nyoka wa chupa.
Kila mwisho wa mwezi spiriti yao inapungua kidole kimoja,
na mlinzi Kabwita anaapa kwamba ni joto.
Swila wa chupa ya nane sasa kichwa chake kiko hewani,
anatazama dari inayovuja
kama mpangaji aliyechoka kumwambia mwenye nyumba.
Sisemi neno. Mimi mwenyewe miezi saba sijalipwa;
kila mtu hapa anakunywa kinachopatikana.

Chumba cha pili ni cha waliolala.
Mmoja tu, kusema kweli.
Mchanga si wake, tuliununua Katuba, toroli mbili.
Magoti yamekunjwa, mkono chini ya shavu,
chungu miguuni, na kifuani msalaba wa shaba
ambao haukuwa msalaba wa kanisa.
Watoto wa shule ya masista huuliza kila mara:
"Alikuwa Mkatoliki?"
Nawaambia ilikuwa pesa. Wanacheka.
Pesa ya kuoa, pesa ya kuzikwa nayo.
Mwalimu wao anatazama saa.

Jumanne ile mvua ilipiga mabati hata nikashindwa kusikia redio.
Akaingia kijana, buti mkononi,
asichafue sakafu.
Alilipa faranga elfu moja, noti imelowa,
nikaianika juu ya fuvu la kiboko.
Jina? Chola Mwape.
Kazi? Akanionyesha viganja:
kijani kwenye kucha, kijani kwenye mistari
ambayo wengine husomewa bahati.

Hakumtazama simba.
Alikwenda moja kwa moja kwa aliyelala,
akaweka kiganja juu ya kioo, juu ya msalaba,
na mikono minne ya shaba ikapotea chini ya vidole vyake.
"Hii kilo ngapi?"
Nikamwambia haikupimwa kwa kilo. Ilihesabiwa.
Moja, mbili, tatu, mpaka binti atoke kwao.

Akanyamaza muda.
"Sisi mzani ni wa mnunuzi.
Gunia linapanda na themanini, linashuka na hamsini.
Huyu walimhesabia vizuri."

Kisha akauliza shimo lake lilikuwa na kina gani.
Nikasoma kibandiko: mita moja na robo.
Akacheka kwa pua.
"Mimi nashuka arobaini.
Nikilala huko, nani atafika na brashi?"

Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na daftari.

Alipoondoka aliacha kitu kwenye ukingo wa dirisha:
jiwe, kubwa kama yai la kanga,
pete za kijani ndani ya kijani,
na upande mmoja alama ya sululu.
Mkurugenzi asingelikubali. Halina tabaka, halina ramani,
na mawe ya namna hiyo yanajaza malori usiku kucha
kuelekea mpakani.
Niliandika hata hivyo, kwa kalamu ya bluu,
maana nyeusi imekauka:

596. Jiwe. Limeletwa na Chola Mwape, mchimbaji.
Mita arobaini. Mvua kubwa.
Uzito: haukupimwa. Idadi: moja.

Nimeliweka kati ya kakakuona
na mdudu ambaye hakuna aliyewahi kumpa jina.

Ni Agosti sasa. Lubumbashi nzima ina kikohozi,
vumbi jekundu linaingia hata kwenye sukari.
Kabwita ananiuliza kwa nini kila Jumanne
natandika gunia kavu mlangoni,
la mtu kufutia miguu,
na mvua bado ni ya Novemba.

Namwambia ni vumbi.
Hasemi neno.